Damu Chooni Kando ya Ziwa: Lini ni Bawasiri, Lini Siyo

Ukipita soko la samaki la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, asubuhi, magunia ya dagaa yanapopakiwa kwenye malori, umuulize mtu yeyote damu kwenye choo ni dalili ya nini, atakujibu bila kusita: bawasiri. Utajibiwa hivyo hivyo Igoma, Buhongwa, na hata ndani ya meli ya kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe. Mara nyingi jibu hilo ni sahihi. Shida ni kwamba anayelitoa hajui ni lini si sahihi, na sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tuna sababu ya ziada ya kutolipokea kirahisi, sababu ambayo mtu wa Njombe hana haja ya kuihangaikia sana.

Tuanze na bawasiri yenyewe, halafu twende kwenye yale yanayojificha nyuma ya jina lake.

Bawasiri inatoka wapi

Linalowashangaza wengi ni kwamba kile kinachokuja kuwa bawasiri kila binadamu anazaliwa nacho. Ndani ya njia ya haja kubwa, karibu na mlango wake, kuna matakia madogo ya nyama laini iliyojaa mishipa ya damu. Kwa kawaida makubwa ni matatu: moja kushoto, mawili kulia, la mbele na la nyuma. Msuli unaofunga njia ile hauwezi kuziba kabisa peke yake, kama vile koki ya bomba isivyoweza kuzuia maji bila washa. Matakia haya ndiyo washa. Yanajaa damu, yanabanana, na hewa au choo cha maji havipenyi mpaka mwenyewe uamue. Inakadiriwa kwamba yanachangia kati ya asilimia 15 na 20 ya nguvu inayofunga njia hiyo mtu akiwa ametulia.

Bawasiri ni matakia hayo hayo yakishavimba na kulegea. Nyuzi zinazoyashikilia ukutani huchoka kwa umri na kwa kusukumwa na choo kigumu siku hata siku, damu iliyoingia inachelewa kutoka, na takia linaanza kushuka kidogo kidogo. Madaktari hupima mshuko huo kwa madaraja manne. Katika daraja la kwanza takia limevimba na linaweza kutoa damu, lakini halitoki nje. La pili linachungulia mtu anapojikamua, kisha linarudi lenyewe. La tatu linatoka na halirudi mpaka lirudishwe kwa kidole. La nne liko nje muda wote na ukilirudisha halikai.

Hiyo ni bawasiri ya ndani. Ipo pia ya nje, inayoota chini ya mstari unaogawa njia ya haja kubwa sehemu mbili. Mstari huo ndio ufunguo wa mambo mengi, kwa sababu juu yake ukuta hauna neva za kuhisi kukatwa wala kuchomwa, na chini yake kuna ngozi yenye hisia zote. Ndiyo maana bawasiri ya ndani huvuja damu nyekundu kabisa, wakati mwingine ikidondoka matone baada ya choo, na mwenyewe hasikii maumivu yoyote.

Maumivu yanapokuwa makali, fikiria kitu kingine kwanza. Anayesema "nikienda haja nahisi kama nakatwa na wembe, halafu panawaka saa nzima" mara nyingi ana mchaniko, yaani ngozi ya mlangoni imepasuka kwa sababu ya choo kigumu. Mchaniko nao hutoa damu nyekundu, lakini tiba yake ina njia tofauti: choo kilainishwe, na zipo dawa maalumu za kupaka zinazolegeza msuli ulioshikana ili damu ifike pale na jeraha lifunge. Maumivu yanayopwita usiku na mchana, pamoja na homa na uvimbe wa moto, hayo ni jipu na linahitaji kupasuliwa haraka, siyo kukandwa. Na uvimbe wa rangi ya zambarau uliotokea ghafla mlangoni, unaouma hata kukaa hukai, ni bawasiri ya nje ambayo damu imeganda ndani yake. Huyu akifika kwa daktari ndani ya siku tatu za mwanzo, uvimbe unaweza kutolewa kwa upasuaji mdogo wa kutia ganzi pale pale na akapata nafuu mara moja. Akichelewa zaidi ya hapo, maumivu yameshaanza kupungua yenyewe, na kwa kawaida ni afadhali kusubiri wiki moja au mbili mwili uimalize kazi.

Kichocho ambacho hakitafutwi

Sasa tuje kwenye mambo ya Ziwa.

Mtu wa Mwanza akisikia kichocho anafikiria mkojo wa damu. Ni haki yake, kwa sababu aina hiyo ipo kwa wingi Usukumani, kwenye mabwawa, malambo na majaruba ya mpunga. Lakini aina inayotawala ufukweni na visiwani siyo ile. Kichocho cha Ziwa kinakaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, na dalili yake ni tumbo kuuma, kuharisha kunakoenda na kurudi, na damu inayotoka na choo kikubwa. Kwa hiyo mvuvi wa Ukerewe au mama anayefua Kayenze anaweza kuona damu, akajisemea bawasiri, akanunua mirija ya dawa ya kupaka kwa miaka miwili, huku minyoo imetulia mahali ambapo mrija wowote haufiki.

Mzunguko wake unaeleweka ukiufuata hatua kwa hatua. Mgonjwa anajisaidia ziwani au karibu na ufukwe, na mvua ikinyesha inasomba choo hadi majini. Mayai yaliyomo yanaanguliwa, na vijidudu vinavyotoka vinatafuta aina fulani ya konokono wadogo wanaoishi kwenye majani ya pembezoni mwa ziwa. Ndani ya konokono vinazaliana mno. Baada ya wiki kadhaa konokono anaanza kuvimwaga majini kwa maelfu, hasa jua likiwa juu, saa ambazo watoto wanaogelea na kina mama wanafua. Vinapenya ngozi nzima, isiyo na kidonda, kwa muda wa dakika chache. Vikishakomaa, dume na jike wanakaa wamekumbatiana kwenye mishipa ya utumbo, na jike anataga mamia ya mayai kila siku. Sehemu ya mayai inatoboa ukuta wa utumbo ili itoke na choo; hapo ndipo damu inapotoka. Mengine yanakwama, na mengi kati ya hayo yanachukuliwa na damu hadi kwenye ini.

Yale ya kwenye ini ndiyo mabaya zaidi. Yanaacha makovu, makovu yanabana njia ya damu, na shinikizo linapanda nyuma yake. Bandama inavimba, tumbo linaweza kujaa maji, na mishipa ya koo la chakula inatuna hadi siku moja inapasuka na mtu anatapika damu. Wodi za Bugando, hospitali ya rufaa ya Mwanza, zinawafahamu wagonjwa hawa. Mishipa ya namna hiyo iliyopasuka ni miongoni mwa sababu kubwa za watu kulazwa pale kwa kutapika damu. Shinikizo hilo hilo linaweza kutunisha mishipa ya puru pia, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Kwa macho inafanana na bawasiri, lakini siyo bawasiri, na mtu akiikata au kuifunga bila kujua ini likoje, damu inaweza kukataa kukatika. Daktari wa upasuaji akikuuliza kama uliwahi kuambiwa bandama yako ni kubwa, au akakugusagusa chini ya mbavu za kushoto wakati wewe umekuja na tatizo la nyuma, sababu yake ni hii.

Utaitofautisha vipi? Damu ya bawasiri huja mwishoni, ni nyekundu inayong'aa, na hukaa juu ya choo au hudondoka pembeni. Damu ya kichocho huwa imechanganyika na choo, mara nyingi pamoja na makamasi, na choo chenyewe huwa laini au cha kuharisha. Naliandika hili huku nikijua upungufu wake: wengi wetu tunatumia choo cha shimo. Hakuna mtu anayekiona choo chake. Damu anaiona pale anaponawa, kwenye maji yanayomwagika sakafuni, na maji hayasemi kama damu ilikuja peke yake au ilikuja na makamasi. Ndiyo maana kipimo kinashinda kubahatisha. Sampuli ya choo inapelekwa maabara, inatandazwa kwenye kioo na mayai yanatafutwa kwa hadubini. Yai la kichocho hiki lina mwiba ubavuni, halifichiki kwa mtaalamu. Sampuli moja inaweza kukosa mayai hata kama minyoo ipo, kwa hiyo ukiambiwa ulete nyingine kesho usione unazungushwa.

Dawa yake ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, mara moja. Mtu mzima wa kilo 60 anameza vidonge vinne vya miligramu 600, baada ya kula ili visimgeuze tumbo. Dawa hii haiwaui vizuri minyoo wachanga, na haikukingi ukirudi majini kesho yake. Kwa miaka mingi ugawaji wake umelenga watoto wa shule, waliopimwa urefu kwa kijiti darasani na kupewa vidonge kwa kipimo hicho. Baba zao walioko kambini wakivua walikuwa wakipitwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 umepanua wigo huo: kwenye maeneo yenye maambukizi ya kutosha, kuanzia mtoto wa miaka miwili hadi mtu mzima wote wanastahili dawa. Kama unaishi ufukweni na hukumbuki mara ya mwisho kumeza, huhitaji kusubiri gari la matangazo. Nenda zahanati ukaulize.

Lile tusilopenda kulitaja

Saratani ya utumbo mpana na puru nayo hutoa damu. Bawasiri haigeuki kuwa saratani, hilo lieleweke. Hatari ni kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, na bawasiri inayoonekana ikafunika saratani isiyoonekana. Madaktari wa Bugando wamekwisha kuandika kuhusu wagonjwa wao wa saratani hii, na malalamiko yao ni yale yale: wengi wanafika ugonjwa ukiwa umeshasonga mbele. Baadhi yao walikuwa na damu muda mrefu na walikuwa na jina la kuipa.

Dalili za kukufanya usichelewe ni hizi: namna ya kwenda choo imebadilika kwa wiki kadhaa bila sababu, choo kimekuwa chembamba, unamaliza haja lakini unahisi bado, damu ni nyeusi nyeusi au imechanganyika, uzito unashuka, unaishiwa pumzi kwa sababu damu imepungua mwilini, au katika ukoo kuna aliyewahi kuugua saratani hii. Mwenye umri wa miaka 45 na kuendelea ambaye damu imemtokea kwa mara ya kwanza asikubali kuambiwa bawasiri bila kuchunguzwa ndani. Na asiye na umri huo asijione yuko salama kwa sababu ya ujana wake. Bara letu lina wagonjwa vijana wa kutosha.

Choo cheusi kina maelezo yake. Mama mjamzito anayemeza vidonge vya madini chuma atapata choo cheusi, na hapo hakuna ubaya. Choo cheusi kinachonata kama lami na chenye harufu kali, kwa mtu ambaye hamezi vidonge hivyo, ni damu iliyotoka juu tumboni. Huyo ni wa hospitali leo, siyo kesho.

Chumba cha daktari

Watu hawaogopi ugonjwa huu kama wanavyoogopa kupimwa. Kwa kuwa hakuna anayesimulia yanayotokea mle ndani, kila mtu anabuni ya kwake na ya kwake ni mabaya kuliko yalivyo.

Utaulizwa maswali kwanza: damu ina rangi gani, inakuja kabla au baada ya choo, kuna maumivu, kuna kinachotoka nje, unajikamua kiasi gani, unaogelea au kuvua ziwani, umeshatumia dawa gani. Hili la mwisho sema ukweli, hata kama ni ya mganga. Kisha utaambiwa, "Kaka, panda kitandani, lala ubavu wa kushoto, kunja magoti uyalete kifuani." Utafunikwa shuka, ni sehemu ndogo tu inayoachwa wazi. Una haki ya kuomba awepo muuguzi wa jinsia yako, na mwanamke ana haki ya kuomba apimwe na mwanamke kama yupo. Daktari anaangalia kwanza bila kugusa: mchaniko, jipu na bawasiri ya nje vinaonekana hapo hapo. Anaweza kukuambia ujikamue kidogo kama unayetaka kwenda haja, aone kama kuna kinachoshuka. Halafu anaingiza kidole chenye glovu na mafuta. Haipendezi, lakini kwa asiye na mchaniko wala jipu haiumi, na inaisha kabla hujamaliza kuhesabu hadi thelathini.

Kidole hicho hakitafuti bawasiri. Bawasiri ya ndani ni laini, ukiibonyeza inajikunja, na mara nyingi haihisiki kabisa. Kidole kinatafuta uvimbe mgumu. Kuiona bawasiri yenyewe kunahitaji bomba fupi lenye taa linaloitwa proktoskopi, ambalo nalo huchukua dakika moja hivi. Kwa hiyo aliyepimwa kwa kidole akaambiwa "sijakuta saratani, ila nataka nikuangalie kwa bomba" ametendewa vizuri. Aliyeandikiwa dawa bila kupanda kitandani, ana sababu ya kuuliza. Ikibidi kuangalia utumbo wote, kuna kamera inayopitishwa baada ya mgonjwa kumeza dawa ya kusafisha tumbo. Hiyo ni kazi ya hospitali kubwa za rufaa.

Kwa nini inatupata

Sababu kubwa ni choo kigumu na kujikamua. Mengine yote yanafuata nyuma. Angalia sahani ya kawaida ya huku kwetu: ugali wa sembe au wa udaga (muhogo uliokaushwa), dagaa au sato, na mboga ya majani kiasi cha kufunika kona ya sahani. Samaki hana nyuzinyuzi hata chembe. Sembe imekobolewa, ganda lote limebaki mashineni kwa ajili ya kuku. Mwili unahitaji gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku, na sahani hiyo haifiki hata karibu.

Marekebisho hayahitaji duka la vyakula vya afya. Dona badala ya sembe. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kinakupa zaidi ya gramu 10. Nusu ya parachichi la kawaida inakupa kama gramu 5. Matembele, mlenda, mchicha, papai, ukwaju, karanga, na michembe na matobolwa, viazi vitamu ambavyo bibi zetu walivikausha bila kumsikiliza mtaalamu yeyote. Viazi ni viazi hata vikikauka, nyuzinyuzi zake hazipungui. Ongeza taratibu, kwa wiki mbili tatu, la sivyo tumbo litajaa gesi na utaacha kabla hujaona faida. Na unywe maji, kwa sababu nyuzinyuzi bila maji ni choo kikavu zaidi. Tafiti zilipojumlishwa pamoja zilionyesha kwamba kuongeza nyuzinyuzi hupunguza kutoka damu kwa wenye bawasiri kwa karibu nusu. Hakuna mrija wa kupaka wenye rekodi hiyo.

Kundi la pili ni wajawazito. Homoni hulegeza mishipa na kupunguza kasi ya utumbo, mtoto anakandamiza nyonga, na vidonge vya madini chuma vinakausha choo. Takriban mama mmoja kati ya watatu hupata bawasiri katika ujauzito au baada ya kujifungua. Asiache vidonge, upungufu wa damu unaua, bawasiri haiui. Aombe kliniki dawa ya kulainisha choo, zipo zilizo salama kwake. Nyingi ya bawasiri hizi husinyaa wiki chache baada ya kujifungua.

Kisha kuna kubana choo. Wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani jioni, hasa siku za giza ambapo mwezi hausumbui taa zao, na wanarudi alfajiri. Mtumbwi hauna choo. Anayeheshimu ziwa anabana hadi ufukweni, choo kinazidi kukauka, na bawasiri inapata nafasi. Asiyebana anajisaidia majini na kulisha kichocho. Binafsi nadhani fedha inayotumika kutangaza dawa za bawasiri kwenye vipaza sauti ingejenga vyoo vingi sana mialoni, na vyoo hivyo vingezuia magonjwa mawili kwa pamoja.

Kuhusu kukaa, kuna maneno mengi kuliko ushahidi. Waendesha bodaboda wanaambiwa kiti ndicho kinachowaletea. Ushahidi wa kiti ni dhaifu. Ukimfuatilia dereva mwenyewe utakuta hanywi maji ili asisimame njiani, na amekula chipsi mayai mchana na usiku. Kukalia jiwe la moto au sakafu ya baridi hakuleti bawasiri. Pilipili nayo inasingiziwa. Inaweza kukuwasha wakati wa kutoka, lakini kuisababisha haijathibitika. Kukaa kulikothibitika zaidi ni kule kwa chooni. Utafiti uliofanyika Boston na kuchapishwa mwaka 2025, kwa watu wazima 125 waliochunguzwa utumbo kwa kamera, uliona kwamba wanaoingia na simu chooni walikuwa na uwezekano wa asilimia 46 zaidi wa kukutwa na bawasiri. Choo cha kukalia hakiipi nyonga mahali pa kuegemea. Kadiri unavyokaa ndivyo matakia yanavyojaa damu. Choo cha kuchuchumaa kina faida hapa, miguu inakuchosha na unatoka. Mwenye choo cha kukalia aweke kigoda chini ya miguu, magoti yapande juu ya kiuno, na simu aiache sebuleni.

Tiba, kutoka beseni hadi kisu

Wengi hawahitaji zaidi ya choo laini na subira ya wiki sita hivi. Beseni la maji ya uvuguvugu, dakika 10 hadi 15, mara mbili tatu kwa siku na hasa baada ya haja, hulegeza msuli na kutuliza. Chumvi si lazima. Nawa kwa maji, kausha kwa kupapasa, usisugue. Kama takia limetoka, lirudishe taratibu kwa kidole chenye mafuta ukiwa umelala.

Kwenye duka la dawa mazungumzo huwa mafupi. "Dada, nipe dawa ya bawasiri." "Ya kupaka au ya kuchomeka?" "Yoyote, ile kali." Nyuma yake kuna watu wanne kwenye foleni, mteja ananong'ona, na hakuna anayeuliza rangi ya damu. Dawa hizo hutuliza kuwasha na uvimbe, hazirudishi takia lililoshuka. Zile zenye steroidi zisizidi siku saba, kwa sababu hukondesha ngozi na kuiacha ikichanika kirahisi.

Mitishamba naitenga makundi mawili. Ukwaju, papai, mbegu na majani ya kulainisha choo ni chakula, sina ugomvi nayo. Dawa za kuchoma, zinazopakwa ili "kinyama kikauke na kudondoka", ni hatari ya kweli. Zinaunguza na takia na ngozi na msuli, na kovu likishapona njia inakuwa nyembamba kiasi kwamba kwenda haja kunakuwa mateso yanayohitaji upasuaji mkubwa kuliko ule uliokimbiwa. Na yule anayekuambia bawasiri isipotibiwa kwake itamaliza nguvu za kiume anauza hofu. Bawasiri haifanyi hivyo.

Ikiwa damu haikomi au takia linatoka, hatua inayofuata kwa daraja la kwanza hadi la tatu mara nyingi ni kufungwa mpira. Daktari anapitisha bomba lile lile, anavuta takia na kulivalisha kimpira kidogo sana shinani, juu ya ule mstari, mahali pasipo na maumivu. Takia linakosa damu, linakauka na kudondoka ndani ya siku 5 hadi 10, wakati mwingine na damu kidogo. Hakuna kulazwa. Utahisi kama unataka haja kwa siku moja mbili, usijikamue. Huenda ukahitaji kurudi mara mbili au tatu, wiki kadhaa baadaye. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda waseme mapema. Njia nyingine ni sindano inayosinyaza takia.

Upasuaji ni wa daraja la nne, la tatu lililoshindikana, na wenye ya ndani na ya nje kwa pamoja. Ule unaofanywa zaidi duniani, wa kukata matakia na kuacha vidonda vijifunge vyenyewe, ulielezwa na Milligan na Morgan wa hospitali ya St Mark's, London, mwaka 1937, na hadi leo ndio unaofanya ugonjwa usirudi kirahisi. Unauma. Wiki mbili za mwanzo ni ngumu, kupona kabisa kunaweza kufika wiki sita, na asiyemeza dawa ya kulainisha choo kwa kuogopa kwenda haja atateseka maradufu.

Baada ya kufungwa mpira au kukatwa, damu kidogo ni kawaida. Damu inayomwagika na vibonge, kizunguzungu, homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au mkojo kugoma kutoka, hayo si ya kusubiri tarehe ya kliniki. Rudi hospitali mara moja, hata kama ni usiku, na ikiwa uko kisiwani, tafuta boti kabla giza halijaingia.